Vidole vinapocheza ndani ya MRI: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu picha za gamba la mwendo

Ukurasa huu ni wa mgonjwa aliyeambiwa atasogeza vidole akiwa ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, ndugu anayemsindikiza, na wanafunzi wa udaktari, fiziolojia na uhandisi hapa Dar es Salaam wanaorudi na maswali yale yale kila muhula. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe linadai hivyo. Mengine yanaisha kwa sentensi mbili. Kitu ninachokijali kuliko vyote ni kwamba mtu akiliona lile doa jekundu juu ya picha ya ubongo ajue limetoka wapi na lina uzito gani. Nimeona familia zikikata tamaa kwa sababu ya doa lisilokuwepo, na nyingine zikishangilia doa ambalo halikusema walichodhani limesema.

Kipimo hiki kina tofauti gani na MRI ya kawaida?

Mashine ni ile ile. MRI ya kawaida huonyesha umbo: uvimbe uko wapi, damu imevujia wapi, mfupa umekandamiza wapi. MRI ya utendaji hupiga picha za ubongo mzima haraka haraka, moja kila baada ya sekunde mbili au tatu hivi, kwa dakika kadhaa mfululizo, huku wewe ukifanya kazi uliyopewa. Hapa kazi hiyo ni ya vidole. Baadaye kompyuta hulinganisha picha za wakati ulipokuwa unasogeza vidole na za wakati ulipotulia, kisha hupaka rangi pale ilipoona tofauti. Kwa kipimo hiki pekee huchomwi sindano ya dawa ya kung'arisha picha. Ukichomwa, ni kwa ajili ya picha nyingine zinazopigwa siku hiyo hiyo.

Kwa nini vidole? Kwa nini nisisogeze mguu au nisiongee?

Ubongo haugawi nafasi yake kwa kufuata ukubwa wa kiungo. Hugawa kwa kufuata ufundi wa kazi. Mgongo mzima umepewa kipande kidogo cha gamba la mwendo, yaani sehemu ya tabaka la juu la ubongo inayotoa amri za kusogeza mwili, lakini gumba na vidole vinne vimepewa eneo pana. Mtazame mama anayesuka ukili kibarazani, macho yako kwa wajukuu na miaa inapishana mkononi bila kukosea: kazi hiyo inadai amri nyingi ndogo ndogo kwa misuli mingi midogo, kila moja kwa wakati wake. Binadamu na baadhi ya nyani wana nyuzi za neva zinazotoka kwenye gamba la mwendo na kufika moja kwa moja kwenye seli za uti wa mgongo zinazovuta misuli ya mkono. Nyuzi hizo zikikatika, mtu anaweza bado kufumba ngumi, ila uwezo wa kusogeza kidole kimoja peke yake ndio unaopotea.

Jaribu jambo hili sasa hivi. Weka kiganja juu ya meza, kidole cha kati ukikunje kiingie chini ya kiganja, vingine vinyooke. Inua gumba. Inua cha shahada. Inua kidogo cha mwisho. Halafu inua cha pete. Sehemu kubwa ya ugumu unaousikia imo mkononi kwenyewe, kwa sababu kano za vidole zimeungana. Lakini hata kichwani vidole havijatengewa vyumba vyenye kuta. Mwaka 1993 Marc Schieber na Lyndon Hibbard walipima seli za gamba la mwendo za nyani waliofunzwa kusogeza kidole kimoja kimoja, wakakuta seli zinazohusika na vidole mbalimbali zimechanganyika katika eneo lile lile. Ndiyo maana anayeahidi kukuonyesha kwa MRI ya kawaida ya hospitali "seli ya kidole cha shahada" anakuahidi kisichowezekana.

Kuna na sababu ya kivitendo. Mguu ukisogea, kiuno kinavutika na kichwa kinafuata. Ukiongea, taya linatikisa fuvu. Vidole vinaweza kufanya kazi huku kichwa kimetulia tuli, na kichwa kutulia ndiyo nusu ya kipimo.

Eneo hilo la vidole liko wapi kichwani?

Pitisha mstari wa kufikirika kutoka sikio moja hadi jingine kupitia utosini. Karibu na mstari huo, kila upande wa ubongo una mfereji mkuu unaoshuka kutoka juu kwenda pembeni. Ukunjo ulio mbele ya mfereji ndio gamba la mwendo. Ulio nyuma yake hupokea hisia za mguso. Mguu umekaa juu kabisa, ukiingia kwenye ufa unaotenganisha nusu mbili za ubongo. Ukishuka pembeni unakutana na mkono, kisha uso, kisha ulimi.

Kwenye picha iliyokatwa kwa ulalo, eneo la mkono linatambulika kwa macho: ukunjo hujitokeza kwa nyuma kwa umbo la herufi ya Kigiriki omega (Ω) iliyopinduliwa. Tarek Yousry na wenzake waliueleza kwa kina mwaka 1997, na tangu hapo ni alama ambayo madaktari wa picha hutafuta kwanza. Mwanafunzi, jifunze kuiona omega hiyo kabla hujagusa programu yoyote ya kuchora madoa. Doa likiangukia mbali nayo bila uvimbe kuisukuma, shuku hesabu zako.

Watu walijuaje haya kabla ya MRI?

Kwa wagonjwa. Daktari John Hughlings Jackson wa London, karne ya 19, aliwatazama kwa makini watu wenye kifafa cha upande mmoja. Kwa baadhi yao mtikisiko ulianzia kwenye gumba, ukapanda mkono, ukafika usoni, kwa mpangilio ule ule kila mara. Akahitimisha kwamba lazima ubongoni mwenyewe kuna mpangilio wa viungo. Mwaka 1870, mjini Berlin, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig waligusa ubongo wa mbwa kwa umeme hafifu, na miguu ya upande wa pili ikasogea.

Kisha akaja Wilder Penfield wa Montreal. Alikuwa akipasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, kwa ganzi ya ngozi tu, kwani ubongo wenyewe hausikii maumivu. Alipogusa sehemu kwa ncha ya umeme, kidole kilicheza au mgonjwa akasema anasikia ganzi mkononi. Pamoja na Edwin Boldrey alichapisha ramani ya kazi hiyo mwaka 1937, na ndiyo iliyozaa kile kichoro cha mtu mwenye mikono mikubwa na midomo minene kilichomo kwenye kila kitabu cha fiziolojia. Kichoro hicho kinasaidia, lakini mwaka 2023 Evan Gordon na wenzake wa St. Louis, Marekani, walionyesha kwamba ramani ya mguu, mkono na mdomo imekatizwa na maeneo yasiyo ya kiungo kimoja, yaliyounganishwa na sehemu za ubongo zinazopanga matendo na kuuweka mwili tayari. Wanaofundisha waanze kuyataja maeneo hayo.

Je, mashine inapiga picha ya umeme wa ubongo?

Hapana, na hapa ndipo penye kosa linalorudiwa kuliko yote. Seli za neva huwasiliana kwa umeme na kemikali, kwa muda unaopimwa kwa sehemu za elfu za sekunde. MRI haioni hayo. Inaona damu.

Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell waligundua kwamba hemoglobini, protini ya damu inayosafirisha oksijeni, iliyobeba oksijeni na ile iliyokwisha kuitoa zina tabia tofauti mbele ya sumaku. Iliyotoa oksijeni huvuruga kidogo uga wa sumaku unaoizunguka, iliyobeba haivurugi. Miaka mingi ugunduzi huo ulibaki kuwa jambo la wanakemia. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake, wakifanya kazi na panya nchini Marekani, walionyesha kwamba mvurugiko huo unaonekana kwenye picha za MRI, kwa hiyo damu yenyewe inaweza kuwa ndiyo dawa ya kung'arisha. Kufikia 1992 makundi kadhaa yalikuwa yameshapiga picha za watu. Kenneth Kwong na wenzake wa Boston walitumia mwanga machoni na kukunja mkono. Peter Bandettini na wenzake wa Wisconsin walitumia vidole. Wote hao wawili walifanya kazi kwa mashine za tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), nguvu ile ile ya mashine nyingi za hospitali.

Sasa sikiliza kinachoshangaza. Mtu angetegemea kwamba seli zikifanya kazi zitakula oksijeni, na damu ya hapo itapungukiwa. Kinyume chake ndicho kinachotokea. Mwaka 1986 Peter Fox na Marcus Raichle walitikisa ncha za vidole vya watu na kupima ubongo kwa mashine ya PET, inayofuatilia dawa yenye mionzi hafifu mwilini. Mtiririko wa damu katika eneo la vidole uliongezeka kwa karibu asilimia 29, huku matumizi ya oksijeni yakiongezeka kwa asilimia 5 tu. Ubongo huleta damu nyingi kuliko inavyohitajika, hemoglobini iliyokwisha kutoa oksijeni inasombwa, mvurugiko unapungua, na picha inang'aa kidogo. Ni kidogo kweli: kwenye gamba la mwendo badiliko huwa asilimia chache tu, huwezi kuliona kwa jicho.

Mtu aliyesimama ghorofani Kariakoo wakati wa magharibi huuona moshi ukipanda juu ya mapaa. Anajua uani mwa nani wanapika, lakini hajui sufuriani mna nini, na moshi wenyewe umechelewa kuliko moto. Ndivyo tulivyo sisi na seli za neva. Vidole vinapoanza kucheza, ishara ya damu hupanda baada ya sekunde moja au mbili, hufika kileleni kwenye sekunde ya tano au sita, kisha hushuka taratibu na mara nyingi hupitiliza chini kidogo kabla ya kutulia.

Kwa nini naambiwa nisogeze, nipumzike, nisogeze tena? Si wangenipima mara moja?

Kwa sababu badiliko ni dogo na kelele ni nyingi. Mapigo ya moyo, pumzi, joto la mashine, yote yanatikisa ishara. Ukisogeza vidole kwa sekunde 20 au 30, ukatulia kwa muda kama huo, na kurudia hivyo mara kadhaa, kompyuta inatafuta vipande vya ubongo ambavyo mwangaza wake unapanda na kushuka kwa mwendo huo huo. Kisichofuata mwendo wako kinaachwa.

Kazi ya kawaida ni kugusisha gumba na kidole cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho, na kurudi, kwa kasi isiyobadilika. Kasi ni muhimu: ukiharakisha, ishara inapanda. Mkono mmoja ukifanya haraka na mwingine polepole, kulinganisha pande mbili kunakuwa hakuna maana. Usihesabu kwa mdomo, wala usitikise kichwa kufuata mdundo.

Siku ya kipimo nivae nini, nivue nini?

Sumaku ya tesla 1.5 au 3 ina nguvu kuzidi uga wa sumaku wa dunia kwa makumi ya maelfu ya mara, na haizimwi baada ya kazi. Iko hai usiku na mchana. Chochote cha chuma kinachovutika kinaweza kuruka kuelekea ndani.

Vua pete, bangili, heleni, kipini cha pua, saa, mkanda, sidiria yenye waya, pini za hijabu na za kitenge. Simu na kadi za benki ziache nje. Wigi na nywele za kusuka zikaguliwe, kwa sababu nyingine zimeshikizwa kwa klipu au uzi wenye madini, na hata kama hakiruki, chuma karibu na gamba la mwendo kinaacha tundu jeusi pale pale tunapotaka kutazama. Hina ya mkononi kwa kawaida haina shida. Taja tu kama ulichanganyiwa na kitu kingine.

Yapo mambo mawili ambayo watu wetu hawayasemi mpaka waulizwe kwa adabu. La kwanza ni shanga za kiunoni na hirizi. Anayemuandaa mgonjwa asiulize kwa sauti mbele ya watu. Mpeleke pembeni, mwamkie, sema: "Shikamoo bibi. Mashine hii inavuta chuma. Ndani ya hiki ulichofunga mkononi kuna kopo au waya?" Mara nyingi utajibiwa: "Marahaba mwanangu, kuna kikopo." Basi mpe ndugu yake akishike nje ya mlango, akione kinashikwa kwa heshima. Aliyedharauliwa kwenye jambo hilo huingia ndani akiwa na hofu, na mwenye hofu hatulii.

La pili ni mafundi. Ukiwa umewahi kuchomelea, kukata au kusaga chuma, Gerezani au popote, sema, hata kama ni miaka mingi iliyopita. Chembe ya chuma iliyojificha jichoni inaweza kusogea ndani ya sumaku na kuharibu jicho. Watakupiga eksirei ya macho kwanza. Usione ni usumbufu.

Sema pia kama una betri ya moyo, klipu kwenye mshipa wa ubongo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, au vyuma vya mfupa. Vingine vinaruhusiwa, vingine haviruhusiwi kabisa. Jina la kifaa na karatasi yake ndivyo vinavyoamua.

Kuna mionzi? Je, kama nina mimba?

Hakuna mionzi ya aina ya eksirei wala siti skani. Ukiwa na mimba, au ukihisi unayo, mwambie mhudumu. Kipimo kisicho cha haraka huweza kusubiri.

Naogopa kufungiwa. Na kelele?

Kelele inapita desibeli 100, kwa hiyo utapewa viziba masikio na mara nyingi vifuniko juu yake. Usikubali kuingia bila hivyo. Mkononi utawekewa mpira wa kubinya, ukiubinya, unatolewa. Ubinye mara moja kabla ya kuanza ili ujue unafanya kazi na ujue kuna mtu anayesikia. Kufumba macho kabla kitanda hakijaingia husaidia wengi. Na kahawa ya barazani ya asubuhi hiyo, iache: kafeini hubana mishipa ya ubongo na kupunguza mtiririko wa damu, na ni damu ndiyo tunayoipima.

Nimesogeza mkono wa kulia, doa limetokea kushoto. Wamekosea?

Hawajakosea. Nyuzi nyingi za mwendo, takribani asilimia 85 hadi 90, huvuka upande wa pili kwenye shina la ubongo kabla ya kushuka kwenye uti wa mgongo. Lakini angalia pia jinsi picha ilivyopangwa: kwa desturi ya madaktari upande wa kushoto wa mgonjwa huwa kulia kwa anayetazama, na baadhi ya programu za utafiti hufanya kinyume. Hakikisha alama za pande kabla hujasema neno.

Mbona yapo madoa mengine zaidi ya gamba la mwendo?

Kwa sababu hakuna tendo linalofanywa na sehemu moja. Eneo la usaidizi wa mwendo, lililo katikati juu, hupanga mfuatano. Maeneo yaliyo mbele ya gamba la mwendo huandaa. Gamba la hisia huwaka kwa kuwa vidole vinagusana. Ubongo mdogo ulioko kisogoni hurekebisha wakati na usahihi, na huo huwaka upande ule ule wa mkono unaosogea. Mpangilio ukiwa mgumu, madoa huongezeka, na mara nyingi upande wa pili nao huingia.

Nikiwaza tu kusogeza vidole bila kusogeza, itaonekana?

Kwa sehemu. Mwaka 1980 Per Roland na wenzake walipima mtiririko wa damu wakakuta kwamba mtu akifanya mfuatano wa vidole kichwani tu, eneo la usaidizi wa mwendo huamka huku gamba la mwendo likibaki kimya. MRI ya baadaye iliona gamba la mwendo nalo likiamka kwa baadhi ya watu, kwa kiwango hafifu.

Mama yangu amepata kiharusi, mkono wa kulia hausogei. Kipimo hiki kitasema kama atapona?

Nitajibu kwa uangalifu, kwa sababu swali hili huja na machozi.

Asiposogeza vidole kabisa, kipimo cha kusogeza hakina cha kulinganisha. Doa kutokuwepo hapo halimaanishi eneo limekufa. Wataalamu wanaweza kumsogezea vidole wao wenyewe, au kumwomba awaze anasogeza, lakini tafsiri yake ni ngumu zaidi. Akiwa anaweza kusogeza kidogo, wiki za mwanzo mara nyingi huonekana madoa mengi, pande zote mbili za ubongo. Nick Ward na wenzake wa London waliwafuatilia wagonjwa na kuchapisha mwaka 2003: kadiri mkono ulivyorudi, ndivyo utendaji ule uliotapakaa ulivyopungua na kuelekea ule wa kawaida. Hiyo ni picha ya kundi, si utabiri wa mama yako.

Kwake, kinachosema zaidi leo ni vitu visivyohitaji mashine: je, anaweza kunyoosha vidole hata kidogo katika siku za mwanzo? Anaweza kuinua bega kwenda pembeni? Mtaalamu wa fiziotherapia anayapima hayo kitandani. Kama fedha ni za kuchagua kati ya kipimo hiki na miezi ya fiziotherapia, chagua fiziotherapia bila kusita.

Basi kinawafaa wagonjwa gani?

Zaidi wale wenye uvimbe au chanzo cha kifafa karibu na eneo la mkono, kabla ya upasuaji. Daktari anataka kujua: omega ya mkono imesukumwa wapi? Njia gani ya kuingilia itauacha mkono ukiwa mzima? Kwa fundi cherehani au kondakta wa daladala, jibu la swali hilo ndilo mkate wa familia.

Hata hivyo ramani hii haimalizi kazi. Mishipa ya damu ndani na kando ya uvimbe inaweza kushindwa kuitikia kama kawaida, na eneo linalofanya kazi likakosa rangi. Kwa hiyo daktari haruhusiwi kukata kwa kuamini kwamba pasipo na doa hapana kitu. Kugusa kwa umeme wakati wa upasuaji, njia ya Penfield iliyoboreshwa, bado ndicho kipimo kinachoaminiwa kuliko vyote.

Jijini Dar es Salaam MRI za kawaida zipo katika hospitali kubwa. Kipimo cha utendaji kinahitaji programu ya ziada, vifaa vya kutoa maelekezo ndani ya mashine, na watu waliokizoea. Muulize daktari wako kabla ya kupanga safari, usiende dirishani na karatasi ya rufaa ukidhani kila mashine inafanya.

Nina sikoseli. Kuna kitu cha kuzingatia?

Ndiyo, na swali hili lingeulizwa mara nyingi zaidi katika nchi yetu. Ishara nzima inategemea hemoglobini na uwezo wa mishipa kuongeza damu. Mwenye sikoseli ana hemoglobini pungufu, na ubongo wake tayari unapitisha damu nyingi hata akiwa ametulia, hivyo nafasi ya kuongeza inakuwa ndogo. Doa lake linaweza kuwa hafifu ilhali seli za neva zinafanya kazi vizuri tu. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye anemia kali au mshipa mkubwa wa shingoni uliobanika. Hakikisha anayesoma picha anajua.

Rangi nyekundu na njano zina maana gani hasa?

Ni takwimu, si joto wala nguvu. Njano kwa kawaida humaanisha kompyuta ina uhakika zaidi kwamba mwangaza wa kipande hicho ulifuata mwendo wako. Mtu ndiye anayechagua kizingiti, yaani kiwango cha uhakika ambacho kipande lazima kikifikie ndipo kipakwe rangi: akikishusha, madoa yanajaa, akikipandisha, yanatoweka. Picha ile ile ya mgonjwa yule yule inaweza kuonyesha doa kubwa au dogo kwa kubadili namba moja.

Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake wa Marekani walimweka samaki aina ya salmoni, aliyekwisha kufa, ndani ya MRI na kumpa "kazi" ya kutazama picha za watu. Wasiporekebisha hesabu kwa wingi wa vipande vinavyopimwa, kompyuta ilipaka rangi ndani ya kichwa cha samaki. Waliporekebisha, rangi ikatoweka. Kila mwanafunzi anayenijia na ramani yenye madoa mazuri namuuliza kwanza amerekebisha vipi.

Kinaweza kusoma mawazo, au kuonyesha kama mtu amerogwa au ana jini?

Hapana kwa yote. Kinaonyesha mahali damu ilipoongezeka ulipofanya kazi uliyoambiwa. Lakini mkono unaojisogeza wenyewe, unaotetemeka kwa vipindi au unaokataa amri una majina ya kitabibu na mara nyingi una tiba. Ndugu wakitaka dua, waombe, kliniki wasiiache.

Mafundi na wanamuziki ubongo wao ni tofauti?

Mazoezi hubadilisha. Avi Karni na wenzake, mwaka 1995, waliwafundisha watu mfuatano mmoja wa vidole kwa mazoezi mafupi kila siku. Baada ya wiki chache mfuatano waliouzoea uliamsha eneo pana zaidi la gamba la mwendo kuliko mfuatano mpya wenye vidole vile vile. Mwaka huo huo Thomas Elbert na wenzake walionyesha kwamba wapiga vyombo vya nyuzi wana eneo kubwa zaidi la hisia kwa vidole vya mkono wa kushoto, hasa walioanza wakiwa wadogo. Wapiga fidla wa taarabu, wasusi na wachezaji wa bao hapa pwani ni hazina ya utafiti wa aina hii, na natamani sana kuona vijana wetu wakiufanya.

Mimi ni mwanafunzi, sina mashine. Nianzie wapi?

Data zipo bure. Tovuti ya OpenNeuro ina majaribio mengi ya mwendo, na mradi wa Human Connectome umepima zaidi ya watu 1,000 wakisogeza vidole vya mikono, vidole vya miguu na ulimi kwa vipindi vya sekunde 12. Programu za kuchambua picha hizo, FSL na AFNI, hulipii kwa masomo. Kompyuta ya kawaida inatosha kumchambua mtu mmoja.

Ukitaka kupima mwenyewe, EEG, kipimo cha umeme wa ubongo kwa vipokezi vinavyowekwa juu ya ngozi ya kichwa, ni ya bei ndogo zaidi. Juu ya eneo la mkono kuna mawimbi ya kati ya mara 8 na 13 kwa sekunde yanayofifia mtu anapojiandaa kusogeza vidole. Unaweza kuyaona hata kwa kifaa cha kawaida. Zipo pia mashine za mwanga wa infraredi zinazopima damu kupitia fuvu, zinazobebeka. Ila nywele nyeusi, nene au zilizosukwa huzuia mwanga, na vifaa vingi vilitengenezwa na watu ambao hawakulifikiria hilo. Mhandisi wa Dar atakayetengeneza kishikizo kinachopita kati ya mistari ya nywele zilizosukwa atakuwa ametatua tatizo la kweli. Na utafiti wowote kwa binadamu upate kibali cha maadili cha chuo chako, na cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, pale kinapohitajika, kabla hujamwekea mtu kifaa kichwani.

Nikimaliza, niondoke na nini?

Omba picha zenyewe kwa CD au flashi, si filamu na ripoti peke yake. Filamu haina zile picha mamia za mfululizo, na bila hizo hakuna daktari mwingine anayeweza kurudia hesabu au kubadili kizingiti. Hakikisha ripoti imetaja mkono uliosogezwa, kazi uliyofanya, kama ulitulia, na umbali kati ya doa na uvimbe kwa milimita. Kama kimojawapo hakimo, rudi dirishani siku hiyo hiyo, kabla anayekumbuka kipimo chako hajamaliza zamu.